Kupima kasi ya upepo wa jua kwa antena za Kigoma na Tabora: tujadili kwa hesabu

Asali_Mbichi (Tabora)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa hesabu na vyuma, wa siasa wana jukwaa lao.

Tabora iko longitudo 32.8 mashariki, Kigoma 29.6, na zote mbili zimekaa karibu na latitudo 5 kusini. Kati yao kuna kama km 350 kwa mstari ulionyooka (kilomita za reli msizitumie, reli inapinda), na mstari wenyewe umelala mashariki-magharibi. Kwa wanaopima upepo wa jua kwa redio za masafa ya chini, umbali na mwelekeo huo ni mali.

Kwa mgeni wa mada: upepo wa jua ni plazima (gesi ya chembe zenye chaji ya umeme) inayotoka kwenye jua, mara nyingi kwa km 300 hadi 800 kwa sekunde, na msongamano wake una mabonge. Mawimbi ya redio kutoka chanzo chembamba sana cha mbali, mfano kwasa (kiini king'aacho sana cha galaksi ya mbali), yakipita kwenye mabonge hayo hupindishwa kidogo. Ardhini yanafika yakiwa na madoa ya nguvu na ya unyonge, na madoa hayo yanakimbia kwa kasi ya upepo. Antena moja itaona chanzo kinametameta kila sekunde moja hivi. Antena mbili zitaona doa lilelile likipita kwa mmoja kisha kwa mwenzake. Umbali gawanya kwa muda, umepata kasi. Antony Hewish na wenzake walitangaza kumetameta huko mwaka 1964 kutoka Cambridge.

Swali: kila kituo kinahitaji antena kubwa kiasi gani, tuangalie chanzo kipi, lini, na wapi tutakwama?

Reli_ya_Kati

Mkuu, utakwama kwenye ukubwa. Mtambo wa Hewish wa mwaka 1967, uleule ambao Jocelyn Bell aliugundulia pulsa ya kwanza (nyota inayotoa mapigo ya redio), ulikuwa na dipoli (antena sahili za vijiti viwili) 2,048 kwenye karibu hekta 2 kwa masafa ya MHz 81.5. Wahindi pale Ooty wana antena ya mita 530 kwa 30. Dipoli moja kwenye MHz 150 inakusanya eneo la nusu mita ya mraba. Nusu!

Ushauri wangu: anza na milipuko ya redio ya jua, aina ya II (ya wimbi la mshtuko) na ya III (ya elektroni zenye kasi). Dipoli moja na kipokezi cha RTL-SDR (redio ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta) vinatosha. Mlipuko hutoa mawimbi kwa masafa ya plazima ya pale ulipo, yaani kHz 8.98 mara kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni kwa sentimita ya ujazo. Ukipanda kutoka juani plazima inapungua, hivyo masafa yanashuka. Kwa modeli ya Newkirk (ya msongamano wa elektroni kuzunguka jua), MHz 80 iko kwenye nusukipenyo 1.32 cha jua kutoka kitovu chake, MHz 40 iko 1.62, MHz 20 iko 2.09. Kutoka 80 hadi 40 ni kama km 207,000. Wimbi la mshtuko likitumia dakika 5 hapo, kasi yake ni km 690 kwa sekunde. Elektroni za aina ya III zinapita hapohapo kwa sekunde 7 hivi. Hapo umefanya sayansi bila kujaza shamba vyuma.

Mgebuka (Kigoma)

Reli, hesabu yako ni safi ila ina mtego. Mlipuko wa aina ya II hutoa mistari miwili, wa masafa ya msingi na wa mara mbili yake, na mara nyingi wa pili ndio unaong'aa. Kama ulichofuatilia kutoka 80 hadi 40 ni huo wa pili, plazima yenyewe ilikuwa inashuka kutoka 40 hadi 20. Umbali unakuwa km 327,000, na kwa dakika zilezile 5 kasi inaruka hadi km 1,090. Tofauti hiyo si ya kuzungusha desimali. Usitangaze kasi kabla hujaona mistari yote miwili kwenye picha.

Halafu hiyo ni kasi ya mshtuko karibu kabisa na jua. Aliyeanzisha uzi anauliza upepo wenyewe, kule katikati ya safari. Ni vitu viwili.

Bi_Mawimbi

Wakuu, tusitishane na hekta. Hewish alikuwa anatafuta mamia ya vyanzo. Sisi tunataka kimoja chenye nguvu, na tuna vituo viwili. Hiyo inabadilisha hesabu.

Masafa: bendi ya MHz 150.05 hadi 153 imetengewa unajimu wa redio kwenye kanda ya kwanza ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), na Afrika imo. Weka katikati MHz 151.5, pokea upana wa MHz 2. Urefu wa wimbi ni mita 1.98.

Chanzo: 3C 273, kwasa ya kundinyota la Mashuke, ileile ambayo Maarten Schmidt alipima umbali wake mwaka 1963. Kwenye masafa haya ina kama Jansky 60 (Jansky ni kipimo cha nguvu ya redio inayotufikia kutoka chanzo), na inapita nyuzi 7 tu kaskazini ya utosi wetu. Jua linaikaribia kabisa mwishoni mwa Septemba. Kuanzia tarehe 19 Agosti hadi 8 Septemba umbali wake na jua angani unashuka kutoka nyuzi 40 hadi 20, na hicho ndicho kipindi chetu. Ukisogea chini ya nyuzi 20 kwa masafa haya, mtawanyiko unakuwa mkali na nadharia nyepesi haikufai tena. Na Agosti ni kiangazi, radi hakuna.

Unyeti: anga baridi kwenye MHz 150 ina kama Kelvini 350, ongeza kipokezi, weka 500. Yagi moja (antena ya vijiti vilivyopangwa kwenye boriti, kama ya TV) ya desibeli 12 inakusanya mita za mraba 5. Nane ni 40. Kelele ya mfumo mzima inakuwa sawa na Jansky 34,500. Ukiwastanisha kila sekunde 0.1 kwa upana wa MHz 2, msukosuko unabaki Jansky 77. Ukichuja ukabakiza mabadiliko ya kati ya hezi 0.1 na 2, unabaki na 49. Kumetameta kwenyewe, tukichukulia asilimia 30 ya chanzo, ni Jansky 18.

Kwa kituo kimoja 18 ndani ya 49 huioni kwa macho. Lakini kelele ya Kigoma haijui kelele ya Tabora, wakati kumetameta wanakushiriki wote wawili. Tukikadiria kwamba nusu tu ya doa inabaki vilevile baada ya km 350, uwiano wa rekodi mbili (kiasi zinavyofanana) unakuwa 0.06. Dakika 24 za data zina kosa la kama 0.0135. Ni zaidi ya mara nne ya kosa, kwa siku moja. Unganisha siku chache mambo yanakaa sawa. Yagi nne kwa kituo hazitoshi, saa nzima inakupa mara mbili tu ya kosa. Nane ndio mwanzo, kumi na sita ni raha.

Mwelekeo: mwishoni mwa Agosti kwasa iko mashariki ya jua, kwa hiyo upepo pale unapuliza kuelekea mashariki, ukiinama kusini nyuzi 15 hivi. Tabora nayo iko kusini kidogo kuliko Kigoma, ndiyo maana urefu unaofaa ni kama km 340. Kwa upepo wa km 400 doa linapita Kigoma kwanza, Tabora sekunde 0.85 baadaye. Kwa km 800 ni sekunde 0.43.

Reli_ya_Kati

Mama, hiyo nimeielewa. Ila 18 ndani ya 34,500 ni sehemu 5 kwa 10,000. Kikuza mawimbi chako kikitetemeka kidogo tu kwa umeme wa jenereta, umekwisha. Na jua je? Jua tulivu kwenye MHz 150 lina makumi ya maelfu ya Jansky, tena liko nyuzi 30 tu pembeni!

Mninga_Mkavu

Nianze na vyuma, jua atalishika mwingine.

Yagi ya vipande 9, boriti ya mita 4. Mbao kavu inafaa kuliko bomba la chuma, kwa sababu haikulazimishi kusahihisha urefu wa vijiti. Mninga wa Tabora uliokaushwa vizuri na kupakwa mafuta unadumu juani. Vijiti ni vya aluminiamu ya mm 6: cha nyuma sm 97, kinachopokea sm 92, vya mbele vinaanza sm 87 na kushuka taratibu hadi 83. Hivyo ni vipimo vya kuanzia, malizia kwa nanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena). (Aluminiamu mnunue yenye risiti. Nyaya za nguzoni zina wenyewe.)

Antena inatazama juu, imelazwa nyuzi 7 kaskazini. Nane zipangwe kwenye mstari mmoja wa mashariki-magharibi, mita 2.5 kutoka moja hadi nyingine. Hapa watu wataharibu: ukiona uwanja ni mkubwa ukaachanisha mita 4, hiyo ni mawimbi mawili kamili, na mstari unazaa jicho la pili lenye nguvu sawa kwenye nyuzi 30. Jua liko wapi? Nyuzi 30. Utapima jua mchana kutwa ukidhani ni kwasa. Kwa mita 2.5 jicho hilo linasogea hadi nyuzi 52. Vijiti navyo vielekee mashariki-magharibi, sambamba na mstari, maana Yagi huwa dhaifu zaidi upande wa ncha za vijiti vyake, na jua liko upande huo.

Kila Yagi iwe na kikuza mawimbi chake palepale kwenye kijiti kinachopokea, kabla ya kebo. Kebo za koaksi za TV za omu 75 zinafaa, lakini zikatwe kutoka bunda moja. Mabunda mawili yenye jina moja yanaweza kupishana kasi ya wimbi ndani yake, na sm 10 za tofauti kwa masafa haya ni nyuzi 22 za awamu.

Bi_Mawimbi

Umenena, Mninga. Niongeze la kebo, kwa sababu lina siri ya longitudo. Mstari wa mita 20 unatazama upana wa nyuzi 6 tu mashariki-magharibi, hivyo chanzo kinapita ndani yake kwa dakika 24. Kigoma kinapita dakika 12 na sekunde 40 baada ya Tabora. Vituo vyote vikitazama utosini kabisa, mnakuwa mnaona kwasa pamoja kwa nusu ya muda. Tatueni kwa kebo: Kigoma itazame nyuzi 1.6 mashariki, Tabora nyuzi 1.6 magharibi. Kwa kila hatua ya antena hiyo ni sm 7 angani, na kwa kebo ya povu yenye kasi 0.82 ni sm 5.7. Kigoma, kila antena ya kuelekea mashariki iongezewe sm 5.7 kuliko jirani yake. Tabora, kinyume chake.

Tarehe 29 Agosti wote mtakuwa katikati ya chanzo saa tisa kasoro dakika tano alasiri. Kila siku inayofuata toa dakika 4.

Sasa jua, Reli. Linabaki kwenye majicho madogo ya pembeni na huleta kama asilimia 2 ya kelele. Likitulia halina shida. Likianza dhoruba ya kelele linatikisika kwa sekunde, kwenye bendi ileile tunayoitaka. Lakini tikisiko la jua linafika Kigoma na Tabora kwa wakati mmoja, na radi ya mbali vilevile. Kwenye mchoro wa uwiano (unaoonyesha rekodi zinafanana kiasi gani ukisogeza moja kwa sekunde fulani) hivyo vyote vinakaa sifuri. Upepo unakaa kati ya sekunde 0.4 na 1.1. Ukiona mlima kwenye sifuri peke yake, siku hiyo itupe. Ukiona milima miwili, soma wa pembeni.

Asali_Mbichi (Tabora)

Shukrani nyingi. Na ionosfea (tabaka la juu la anga lenye chaji)? Sisi tuko karibu na ukingo wa kusini wa ile mikanda minene inayopakana na ikweta ya sumaku. Jioni GPS zenyewe huyumba.

Bi_Mawimbi

Jioni, ndiyo. Ukorofi huanza jua likizama na mara nyingi huendelea hadi karibu usiku wa manane, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Sisi tunapima alasiri, kabla haujaanza. Pia doa la ionosfea lina mita mia kadhaa tu na linatembea polepole, linametameta kwa sekunde nyingi. La upepo wa jua lina km 200 hivi na linapita chini ya sekunde moja. Chujio la hezi 0.1 linakata sehemu kubwa, na km 350 zinamaliza iliyobaki, kwa sababu anga ya Ujiji haishiriki mabonge na anga ya Tabora.

Ila usiku tunauhitaji kwa kitu kimoja, kuujaribu mtambo. Virgo A (galaksi yenye redio kali) inapita dakika 2 baada ya 3C 273, nyuzi 10 kaskazini yake, ikiwa na zaidi ya Jansky 1,000. Ni pana, haimetameti kwa upepo wa jua kiasi cha kutusumbua, na itainua kelele yenu kwa asilimia 3 hivi. Hicho ndicho kipimo cha mtambo. Katikati ya Mei inapita Tabora karibu saa nne usiku. Rekodi, angalia mlima unapanda na kushuka kwa muda wa nusu saa hivi, na kesho yake unakuja dakika 4 mapema. Usipouona, kuna kebo imekosea awamu, na hakuna haja ya kusubiri Agosti. Ukiona mlima una mawimbimawimbi ya taratibu, hiyo ndiyo ionosfea ya usiku, usihangaike.

Mgebuka (Kigoma)

Hakuna aliyegusa saa, na saa ndiyo kipimo chenyewe. Kosa la milisekunde 85 ni asilimia 10 ya kasi.

Muda wa mtandao wa simu unaweza kupotea makumi ya milisekunde, tena bila kukuambia. Tumia moduli ya GPS yenye pigo la kila sekunde, liingie kwenye pini ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo), na chrony (programu ya kusawazisha saa) ilifuate. Hapo saa ya kompyuta iko sawa, lakini data bado haiko sawa, maana RTL-SDR inapitia USB na ina akiba yake ya kusubirisha. Suluhisho ni kupiga alama ndani ya data yenyewe: pigo la GPS liwashe diodi ya kelele kwa milisekunde 10 mwanzoni mwa kila dakika, na kelele hiyo iingie kabla ya kipokezi kupitia kiunganishi dhaifu. Kwenye rekodi utaona kijiti kila dakika. Kikianza kusogea, umepoteza sampuli, kawaida ni kebo ya USB au kadi ya kumbukumbu ya bei rahisi. Kabla ya kupiga uwiano, futa vijiti hivyo, la sivyo vitajenga mlima mzuri kabisa kwenye sifuri.

Majina ya mafaili yawe kwa UTC (saa ya kimataifa). Mchana, saa yetu ya Kiswahili ongeza 3: saa tisa alasiri ni 12:00 UTC. Mmoja akiandika saa tisa na mwingine 15:00, mtatafuta upepo wa wiki ijayo.

Mninga_Mkavu

Umeme: betri ya volti 12, amperi-saa 100, na kidhibiti cha volti cha aina ya laini, si kile cha kukatakata. Paneli ya sola ikatwe kabisa wakati wa kupima, kidhibiti chaji kinapiga kelele kuliko kwasa. Taa za LED za nyumba ya jirani pia. Redio za upepo (zile za kuitana) za ulinzi na malori ziko kwenye bendi jirani, kwa hiyo kaa mbali na mji, na weka chujio la kuzuia FM ya MHz 88 hadi 108, kwa sababu kituo cha FM cha karibu kinaweza kukilemea kipokezi cha biti 8 hata kama hukisikilizi.

Reli_ya_Kati

Basi nakubali tujaribu. Programu? rtl_power, ile ya kurekodi nguvu kwa RTL-SDR, inatosha?

Mgebuka (Kigoma)

Haitoshi, imetengenezwa kwa wastani wa sekunde nzima na kuendelea, na sisi tunatafuta sehemu za sekunde. Chukua data ghafi kwa rtl_sdr, sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, marekebisho ya nguvu ya kiotomatiki yazimwe. Ghafi ni GB 17 kwa saa, kwa hiyo ikandamize palepale: gawanya kwenye mikondo 64, piga wastani wa kila milisekunde 20, hifadhi. Inabaki MB 46 kwa saa, unaituma kwa bando la kawaida. Mikondo 64 ni kwa ajili ya kutupa ile yenye redio za watu kabla ya kujumlisha. Kisha chuja hezi 0.1 hadi 2, linganisha na mwenzako kwa kusogeza kati ya sekunde hasi 3 na chanya 3.

Asali_Mbichi (Tabora)

Na ikitokea mlima umekaa upande hasi, Tabora kwanza?

Bi_Mawimbi

Agosti, mmebadilishana mafaili au saa ya mmoja imekosea. Oktoba 19 hadi Novemba 8, huo ndio upande wake, kwa sababu kwasa itakuwa imehamia magharibi ya jua na upepo pale unapuliza kuelekea kwa Mgebuka. Mkiweza rekodini misimu yote miwili, ingawa Novemba mvua na radi zitakula siku nyingi. Mlima ukigeuka upande bila mtu kugusa programu, hamna haja ya kubishana na yeyote kama ni upepo wa jua.